Temples, Tame Impala au The Dukes of Stratosphear: uanze na ipi?

Mlango ambao umewaingiza watu wengi kwenye saikedelia, muziki wa kuyumbisha akili kama ndoto, bila wao kujua ni wa Rihanna. Albamu yake ya mwaka 2016, Anti, ina wimbo wa zaidi ya dakika sita uitwao Same Ol' Mistakes, usio na haraka na usiofanana na wenzake. Wimbo ule si wake. Ni wa Kevin Parker, kijana wa Perth, Australia, anayejiita Tame Impala, na ulikuwa umetoka mwaka mmoja kabla kwenye albamu yake Currents. Ukimfuatilia Parker kurudi nyuma unakutana na magitaa yanayoyumba, ngoma zilizobanwa hadi zinakwaruza, na sauti iliyokaribia sana ile ya John Lennon wa Beatles. Ukishafika hapo, YouTube itakuletea na ndugu zake: Temples, vijana wa Kiingereza wenye nywele timtim, kisha bendi moja yenye jina la majigambo, The Dukes of Stratosphear, ambayo ukweli wake ni kwamba haikuwahi kuwepo.

Wote watatu wamechota kwenye muziki uleule, saikedelia ya Uingereza ya miaka ya 1966 hadi 1968. Msikilizaji mgeni akiwasikia kwa mkupuo anaweza kudhani ni kitu kimoja chenye majina matatu. Sivyo. Kila mmoja alipofika pale alibeba kitu chake na kuviacha vingine, na kujua alibeba nini ndiyo njia ya kuchagua. Swali la nani anafanana zaidi na Beatles halikufikishi popote, maana atakayeshinda shindano hilo ni Beatles wenyewe.

Nazilinganisha albamu tatu: 25 O'Clock ya Dukes (1985), Lonerism ya Tame Impala (2012) na Sun Structures ya Temples (2014).

Kilichokuwepo pale

Saikedelia ya Uingereza haikuwa ile ya Marekani. Kule San Francisco bendi zilipiga nyimbo ndefu, magitaa yakijibizana mpaka yachoke, na vijana wake walikuwa wanasubiri barua za kuitwa Vietnam. Waingereza hawakuwa na barua hizo. Wao walirudi utotoni: baiskeli, bustani, chai, sare za askari wa enzi za Malkia Victoria, hadithi za kubembelezea watoto. Dawa ya LSD ilikuwepo, ndiyo, na serikali iliipiga marufuku mwaka 1966, lakini nyimbo zenyewe mara nyingi zilibaki za dakika tatu, zenye beti na kiitikio kama kawaida. Kilichobadilika ni studio, ambayo yenyewe iligeuka kuwa ala.

Abbey Road, studio ya London walikorekodi Beatles, mwaka huohuo wa 1966, fundi Ken Townsend alibuni namna ya kuifanya sauti ya mwimbaji isikike kama imeimbwa mara mbili, kwa sababu Lennon alichoshwa na kurudia kuimba kitu kilekile. Mwaka uliofuata Small Faces walitoa Itchycoo Park, na kwenye ngoma zake unasikia mvumo unaopanda na kushuka: rekodi moja imepigwa kwenye mashine mbili kwa pamoja, moja ikicheleweshwa kidogo mno. Kulikuwa pia na Mellotron, kinanda kilichoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1963, ambacho kila kibao chake huburuta kipande cha utepe wenye sauti halisi ya filimbi, fidla au kwaya. Utepe una takriban sekunde nane tu. Ukiendelea kubonyeza baada ya hapo sauti inakatika, inabidi uachie ujirudishe mwanzo. Na kwa kuwa utepe haukimbii kwa kasi ileile muda wote, noti zake huyumba. Filimbi zinazofungua Strawberry Fields Forever ya Beatles ya mwaka 1967 ni za kinanda hicho, hakuna aliyepuliza chochote.

Ukiwa na hayo mawili kichwani, utoto na studio, bendi zote tatu zinaanza kueleweka.

The Dukes: mzaha uliokolea

The Dukes ni XTC waliojificha nyuma ya jina jingine. XTC ilikuwa bendi ya Swindon, Uingereza. Mwaka 1982 waliacha kabisa kupiga jukwaani kwa sababu kiongozi wao, Andy Partridge, alizidiwa na hofu ya kusimama mbele ya watu. Wakabaki bendi ya studio, na bendi ya studio ikikaa bila kazi inatafuta michezo. Ndipo Partridge na mtayarishaji John Leckie walipoiomba Virgin, lebo ya XTC, bajeti ndogo, pauni 5,000, wakajifungia kwenye studio moja huko Hereford na kurekodi nyimbo sita kana kwamba ni za bendi ya 1967 iliyosahauliwa kwenye stoo.

Leckie hakuwa mtu wa kubahatisha. Alianza kazi Abbey Road mwaka 1970, mashine zile zikiwa bado zinatumika, na miaka iliyofuata ndiye aliyetayarisha albamu ya kwanza ya The Stone Roses na The Bends ya Radiohead. Kila mwanabendi alipewa jina la bandia. Partridge akawa Sir John Johns, Colin Moulding akawa The Red Curtain, Dave Gregory akawa Lord Cornelius Plum, na Ian, mdogo wake Gregory aliyeletwa kupiga ngoma, akaitwa E.I.E.I. Owen. Jina hilo la mwisho ukilisoma kwa sauti unasikia wimbo wa watoto wa chekechea, ule wa mzee mwenye shamba. 25 O'Clock ilitoka tarehe 1 Aprili 1985, Siku ya Wajinga, ikiuzwa kama kazi ya bendi nyingine kabisa. Huko Uingereza albamu hiyo iliuza kuliko The Big Express, albamu ambayo XTC walikuwa wameihangaikia kwa dhati mwaka uliotangulia. Sijui kama kuna msanii angependa kupongezwa kwa namna hiyo.

Raha ya kuwasikiliza Dukes ni ya kukisia. The Mole from the Ministry ina piano inayokanyaga polepole, Mellotron nyuma yake, na mwimbaji anayejitambulisha kuwa fuko aliyemo wizarani. Anayeijua I Am the Walrus ya Beatles atacheka kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Bike Ride to the Moon ni ya baiskeli, na baiskeli kwenye muziki huu ni Syd Barrett wa Pink Floyd na wimbo wake Bike. Wimbo uliobeba jina la albamu umeazima sauti kwa Electric Prunes, ambao ni Wamarekani, kwa hiyo hata wao wenyewe hawakulinda mpaka sana. Mwaka 1987 walirudi na Psonic Psunspot, nyimbo kumi, na mzaha ukapanuka: Vanishing Girl ya Moulding ni The Hollies watupu, bendi ya Uingereza ya miaka ya sitini, na Pale and Precious inayofunga ni salamu kwa Beach Boys.

Shida yake unaiona. Mtu asiyewajua wanaoigizwa anasikia nusu tu ya kinachoendelea. Hata hivyo nitawatetea kidogo, kwa sababu ukiondoa majina ya bandia na kofia zote, Vanishing Girl inabaki wimbo mzuri wa mapenzi wa dakika mbili na ushee, na hauhitaji maelezo ya mtu. Mzaha wa watu wasiojua kutunga huchosha kwa haraka. Hawa walijua.

Jambo jingine la kuzingatia: 25 O'Clock ina nyimbo sita na haifiki nusu saa. Ipo CD ya mwaka 1987, Chips from the Chocolate Fireball, iliyoziunganisha kazi zote mbili, na ukiweza kuchagua, chagua hiyo.

Temples: wimbo kwanza

James Bagshaw na Tom Walmsley wanatoka Kettering, mji wa kawaida kabisa katika kaunti ya Northamptonshire. Mwaka 2012 walirekodi nyimbo chache chumbani nyumbani kwa kina Bagshaw, wakaziweka YouTube, na Jeff Barrett wa lebo huru ya Heavenly Recordings ya London akazisikia. Walikuwa bado hawajawa bendi kamili. Iliwabidi watafute wenzao wawili ili waweze kupanda jukwaani. Shelter Song ilitoka Novemba mwaka huohuo, na albamu nzima, ambayo Bagshaw aliitayarisha mwenyewe, ikafuata Februari 2014 na kufika nafasi ya 7 kwenye chati za Uingereza.

Angalia jalada kwanza. Vijana wanne wamesimama mbele ya jengo dogo la mawe lenye umbo la ajabu. Ni Rushton Triangular Lodge, lipo karibu na Kettering, na lilijengwa kati ya 1593 na 1597 na Sir Thomas Tresham, Mkatoliki aliyefungwa miaka mingi kwa imani yake chini ya Malkia Elizabeth I. Kila kitu kwenye jengo hilo ni tatu: kuta tatu, ghorofa tatu, kila ukuta futi 33, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Bendi nyingine za namna hii zikitaka picha ya ajabu hukimbilia piramidi au anga za mbali. Temples walienda kilomita chache tu kutoka nyumbani kwao, na kwa kufanya hivyo wakawa Waingereza wa 1967 kuliko kama wangevaa sare za bendi ya mkuu wa mkoa.

Shelter Song yenyewe inakupa kila kitu walichonacho kwa dakika tatu. Gitaa linalong'aa kama lina nyuzi 12 linashika kifungu kimoja kifupi na kukirudia, ngoma zinatembea nacho, na juu yake wanaimba kwa sauti zilizopangwa. Ukiisikia mara mbili unaipiga mluzi. Keep in the Dark inakanyaga kama bendi ya T. Rex, ambayo ni mambo ya miaka ya sabini, lakini hakuna atakayewashtaki. Colours to Life inachukua muda kupanda, kisha inafunguka pana. Na zote zina kitu kinachokosekana kwenye albamu nyingi za saikedelia mpya: zinajua zitakwisha lini.

Ipo moja inayonipa taabu, Sand Dance, karibu na mwisho. Ni ndefu, na inatumia ngazi ya noti yenye harufu ya Mashariki ya Kati, desturi ambayo vijana wa Uingereza waliianza tangu George Harrison wa Beatles aliposhika sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi. Kwa Mwingereza huenda hiyo ni safari ya jangwani. Kwa sikio lililokulia kwenye taarabu, lililozoea ganuni na fidla zikiziviringisha noti hizo bila kuzitangaza, jangwa lile ni la kwenye picha. Si wimbo mbaya. Ila ukiwa wa Unguja au Mombasa utautambua kuwa wa mtu aliyeangalia kwa mbali.

Kosa kubwa la Temples ni jingine. Mashairi yamejaa jua, rangi, viti vya enzi na misimu, na ukiyasoma bila muziki huoni mtu. Hakuna anayelia, hakuna anayemdai mwenzake kitu. Kila kitu kinang'aa, na kwa mara ya tano au ya sita unaanza kutamani mikwaruzo.

Tame Impala: mtu peke yake chumbani

Mikwaruzo ipo kwa Parker, tele. Studio ni yeye peke yake: anapiga ngoma, besi, magitaa na vinanda, anaimba, anarekodi. Wale unaowaona jukwaani ni marafiki wanaomsaidia kuzileta nyimbo mbele ya watu, ingawa Jay Watson ameshiriki kutunga mbili kwenye Lonerism, Elephant na Apocalypse Dreams. Albamu ya kwanza, Innerspeaker ya mwaka 2010, aliirekodi kwenye nyumba inayotazama bahari, kusini mwa Perth. Lonerism aliifanya kati ya Perth na Paris. Zote mbili zilichanganywa na Dave Fridmann, Mmarekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi na The Flaming Lips, na ndiye mwenye lawama na sifa kwa zile ngoma zinazosikika kama zimesukumwa mpaka mwisho wa waya.

Jalada la Lonerism alilipiga picha Parker mwenyewe. Ni bustani ya Luxembourg, Paris, watu wamekaa wanapumzika kwenye jua, na mpiga picha yuko nje ya uzio, vyuma vimemkinga. Hapo ndipo albamu nzima ilipo. Wimbo wa kwanza unaanza na mtu anayejinong'oneza maneno machache ya kujipa moyo, yakirudiwa na kurudiwa mpaka yanageuka sehemu ya ngoma. Upo mwingine ambao jina lake ni swali, kwa nini watu hawataki kuongea nami. Feels Like We Only Go Backwards ina kiitikio ambacho ungekiimba ukiwa umelewa furaha, mpaka utambue kinasema mambo hayasogei, yanarudi nyuma tu.

Kwa hiyo Parker ameichukua studio ya 1967, na utoto wa Kiingereza ameuacha. Hana baiskeli, hana chai, hana sare za askari. Mbinu ambazo Waingereza walizitumia kuchora ulimwengu wa ajabu huko nje, yeye amezitumia kuchora ukungu wa ndani ya kichwa cha mtu mwenye haya. Sauti yake imezamishwa makusudi kwenye mwangwi, kana kwamba anaona aibu kuonekana. Besi ndiyo inayobeba wimbo mara nyingi kuliko gitaa, na hilo lina maana kwako, kama nitakavyoeleza.

Tahadhari moja tu: usianzie na Elephant. Ndio wimbo uliopigwa sana, una kifungu kizito cha gitaa chenye damu ya blues, na hakuna mwingine kama huo kwenye albamu nzima. Aliyeupenda huo atadanganyika na nyimbo zilizobaki, na aliyeuchukia atazikosa.

Utasikilizia nini, na utasikilizia wapi

Hapa wachambuzi wengi hawagusi, na ndipo uamuzi ulipo kwa mtu anayesikiliza kwa simu na bando la wiki.

Spika ya simu haina besi. Lonerism ukiisikiliza kwa spika ya simu jikoni huku unakaanga vitunguu, umeisikia nusu, tena nusu isiyo na maana: unapata ukungu bila kilichomo ndani yake. Parker anataka hedifoni, hata za bei ya chini, na giza kiasi. Sun Structures ni kinyume. Kila kilicho muhimu kipo juu, kwenye gitaa na sauti za kuimba, na hata ndani ya daladala yenye mlango unaogonga wimbo unafika. Dukes wapo katikati. Kinachohitajika kwao ni utulivu zaidi ya vifaa, maana vichekesho vyao vimefichwa pembeni: kelele ya sekunde moja hapa, kinanda kinachopita kule.

Kama unasikiliza kwa ajili ya maneno, Temples waache mwisho. Dukes wana maneno ya kuchekesha yenye Kiingereza cha mafumbo, na asiyeishi na lugha hiyo kila siku atapitwa na mengi. Parker anaandika kwa Kiingereza chepesi kabisa, sentensi fupi, na anasema jambo moja kwa wakati.

Kama unapiga gitaa na unataka kujifunza, chukua Temples. Vifungu vyao vinasikika wazi na vinashikika. Anayetengeneza midundo kwenye kompyuta atafaidika zaidi kwa Parker, hasa kwa namna anavyozibana ngoma. Kuhusu jukwaa hakuna mjadala: Dukes hawajawahi kutoka kupiga popote, Temples bado ni bendi ya ziara, na Tame Impala amekua hadi kuwa jina kubwa la siku kwenye tamasha la Coachella mwaka 2019.

Mimi, mtu akiniuliza aanze na ipi na hanipi maelezo mengine, nampa Sun Structures. Haimtaki ajue chochote, na ndani ya wiki atakuwa anaimba vitu asivyokumbuka alivipata wapi. Lakini nikiambiwa nibaki na moja, nabaki na Lonerism bila kusita, kwa sababu ndani yake kuna mtu. Dukes nampa yule tu ambaye tayari amekaa na Revolver ya Beatles na albamu ya kwanza ya Pink Floyd. Kama hajakaa nazo, hizo mbili zije kwanza, na The Zombies, bendi nyingine ya Uingereza ya wakati huo, pamoja nazo. Albamu yao ya 1968, Odessey and Oracle, imebeba kosa la tahajia lililofanywa na mchora jalada na likaachwa hivyohivyo, na kwa utamu wa sauti za kuimba haina mpinzani kati ya zote nilizozitaja hapa.

Ukishachagua, kuwa mwangalifu na hatua ya pili, maana jina la bendi halikuhakikishii kitu. Anayetoka Lonerism kwenda Currents atakuta magitaa yamerudishwa nyuma na vinanda na midundo ya disko vimeshika usukani. Arudi Innerspeaker kwanza ikiwa magitaa ndiyo yaliyomleta. Kwa Temples, Volcano ya 2017 nayo imehamia kwenye vinanda, na Hot Motion ya 2019 ndiyo iliyorudisha gitaa mbele. Exotico ya 2023 ilitayarishwa na Sean Ono Lennon, mwana wa John, na ni ndefu kiasi kwamba ningekushauri uisikilize kwa vipande viwili.